Waandishi wa Diski Moja

Tk. Tk-tk. Tk. Katika giza la alfajiri, diski ya kompyuta ambayo mama alikuja nayo kutoka kazini iligonga juu ya meza ya jikoni kama kucha za panya kwenye sufuria. Mtoto aliyejikunja mapajani mwa mama yake alifumbua jicho moja.

"Mama, hiyo inagombana na nani?"

Mama aliinama kuisikiliza. Kazi yake ilikuwa kutunza kiini cha mfumo endeshi, programu ya chini kabisa inayoiamuru kompyuta nzima. Mfumo huo uliendesha mashine za wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mashine zinazoandika kila pumzi. Lakini zilikuwa zikiduwaa. Muuguzi alikuwa amemsimulia jinsi skrini ilivyoganda huku midomo ya kichanga ikigeuka buluu. Asingemgusa kwa mkono wake ili avute pumzi, yangekuwa mengine. Mama alimsikiliza roho mkononi. Bintiye huyu naye aliwahi kulala katika wodi hiyo hiyo.

Ofisini kwao palikuwa na desturi: asiyeridhika na kasi huongeza, hapunguzi. Maandishi yaliyosubiri kuhifadhiwa yalipelekwa kwenye diski na vijiprogramu vilivyofanya kazi nyuma ya pazia, ambavyo mafundi waliviita waandishi. Kila fundi aliyepita aliacha mwandishi wake, na kumfuta wa mwenzako kulihesabiwa utovu wa adabu. Basi waandishi wakawa utitiri, wote wakiivamia diski moja, huyu akiivuta huku, yule kule, nayo ikitangatanga na kugonga bila kumaliza la yeyote, huku mashine zikiduwaa kuisubiri.

Mama alipopendekeza abaki mwandishi mmoja kwa kila diski, mafundi waligeuza viti kumtazama. Mkuu wa mafundi, aliyebandikwa jina la Mzee Subiri kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila malalamiko, alicheka. Yeye ndiye aliyemtunga mwandishi wa kwanza, na ndiye aliyemfundisha mama kazi.

"Binti yangu, mzigo ukizidi watu huongeza mabega. Wewe unataka kuyapunguza?"

"Mabega ni mengi, mzee wangu, ila mlango ni mmoja. Hebu sikiliza."

Akaiweka ile diski mbele yake, akaiwasha. Mzee aliinama, akatega sikio kama tabibu kifuani pa mgonjwa. Kicheko kilimkauka taratibu.

"Wangu naye atafutwa?"

"Atafutwa, mzee wangu."

Mzee aliivuta kibodi, akamfuta wa kwake kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumtetea wake.

Mfumo mpya ulijaribiwa, kisha ukapelekwa wodini. Muuguzi akaleta habari kwamba pumzi za watoto zinapita kwenye skrini bila kukatika. Siku hiyo mama aliirudisha diski mezani, akaiwasha. Tk, tk, tk, iligonga kwa utaratibu, kama cherehani ya fundi asiye na haraka. Hakika, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mtoto alilaza shavu mezani, akasikiliza.

"Mama, sasa haigombani."