Pilau ya Wakwe

Bwana Shemdoe alikuwa na kiwanda cha kamba nyuma ya nyumba yake, na kitambi kilichomtangulia kila alikokwenda. Wafanyakazi wake walipoomba nyongeza ya mshahara kwa kuwa unga umepanda bei, aliwaita waroho.

Siku wakwe watarajiwa walipokuja kumposa binti yake, mpishi wake Nambua alipika pilau ya kuku tangu alfajiri. Alipoingia sebuleni na birika kuwanawisha wageni, alimkuta bosi anajitapa.

"Watu wangu hawana shida. Ule ugali wao na mchicha wa kuchemsha ni mtamu kushinda pilau."

"Kushinda pilau, bwana?" Nambua aliuliza kwa unyenyekevu, akimmiminia maji.

"Kushinda pilau. Umeziba masikio?"

"Nimesikia, bwana. Na wageni wamesikia."

Akatoka, akarudi na sinia lililofunikwa kawa. Baba wa kijana alikunja mikono ya kanzu, akafunua. Ulikuwa ugali uliopoa, na mchicha usio na tone la mafuta.

Shemdoe alimsogelea Nambua, jasho likimtoka. "Pilau iko wapi?" alinong'ona.

Kutoka kiwandani vilisikika vicheko vya watu wanaokula.

"Nimewapelekea wale waroho, bwana," Nambua alijibu kwa sauti iliyowafikia wote. "Wewe na wageni wako ningewezaje kuwapa chakula cha chini?"

Baba wa kijana alilisukuma sinia taratibu hadi mbele ya mwenyeji wake.

"Anza wewe, mkwe. Sisi tutakutazama unavyojilamba."