Kesi ya Kiboko na Simu Zenye Sabuni

Mpo?
— Tupo, na tumekaa.
Masikio?
— Yako wazi.
Na midomo?
— Imetulia. Lete ngano.

Naileta, lakini nitaanza na yale ambayo mashahidi wote, wa upande huu na wa upande ule, waliyakubali. Walikubali kwamba Kiboko alikuwa na duka la simu mtandaoni. Walikubali kwamba Nguchiro, mnyama mdogo wa mkia mrefu, mkunga wa bonde zima, alinunua simu katika duka hilo kwa mtama wote wa ghalani mwake, baada ya simu yake ya zamani kufa kwa uzee. Walikubali pia kwamba nailoni ya boksi ilichanwa, na aliyeichana ni Nguchiro mwenyewe. Zaidi ya hapo kila mmoja alisema lake, nami nitasema lile tu lililothibitishwa.

Tangazo la Kiboko lilisema: simu orijino, imekarabatiwa kiwandani, haina tofauti na mpya. Kiwanda gani, halikusema. Imekarabatiwa na nani, halikusema. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, lilisema kwamba nailoni ikichanwa, mali imepokewa, na hakuna kurudishana.

Simu ikaja. Nguchiro akachana nailoni, kraa! Akabonyeza, ikawaka. Akawazungukia wajawazito wote, akiwaambia wampigie saa yoyote. Jua lilipofika utosini, simu ikazima. Akabonyeza, jii. Akaichomeka kwenye chaja, jii. Akangoja siku mbili, jii. Alipoifungua kwa kucha zake, akakuta betri isiyozidi punje ya harage, na pembeni yake kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa vizuri ili simu iwe na uzito wa simu.

Katika siku hizo mbili Digidigi alishikwa na uchungu. Alimpigia mkunga mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba mteja hapatikani. Mtoto alizaliwa, hakulia.

Sisemi kwamba Kiboko alimwua mtoto huyo. Sina ushahidi wa hilo. Huenda hata mkono wa mkunga usingemwokoa. Nasema kwamba mama alipiga mara tatu, na upande wa pili kulikuwa na sabuni. Hilo limethibitishwa, na anayeweza kulisikia bila hasira aniambie alikolelewa.

Nguchiro akaenda mtoni. Kiboko alikuwa amelala matopeni, simu yake mwenyewe ikining'inia shingoni. Hiyo ilikuwa simu ya kweli, maana hakuwahi kutumia hata moja ya zile alizouza.

"Mjomba, nimekuja kurudisha simu yako."

"Nailoni umeichana?"

"Ningejuaje kilichomo bila kuichana?"

"Hilo si swali langu, binti. Umeichana au hukuichana?"

"Nimeichana."

"Basi umepokea. Nenda salama."

Akaenda kwenye baraza la bonde. Mwenyekiti wa baraza alikuwa shemeji yake Kiboko. Akayasoma masharti, akasifu yalivyoandikwa, akafunga kikao.

Sasa itazameni hali ya mkunga huyu. Mtama umekwisha. Simu hana. Na Paa alikuwa amebakiza majuma mawili ajifungue. Mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na nyumba yake iko nyuma ya kilima cha pili. Alimwuliza Nguchiro swali moja tu: "Shangazi, nikikuita, utasikia?"

Nguchiro akainuka. Akaenda kwa majirani. Kwa Kanga akakuta simu iliyokufa, ya duka lile lile la Kiboko. Kwa Nungunungu akakuta simu iliyokufa, ya duka hilo hilo. Kwa Kuchakulo akakuta mbili, na kwa Kobe mbili. Pamoja na yake zikawa saba, kila moja na boksi lake, kwa kuwa wanyama wa bonde lile hawatupi boksi la simu. Huliweka juu ya kabati, wageni walione. Akazirudisha simu ndani ya maboksi, akayavika nailoni mpya, akapitisha pasi ya mkaa, fyuu, fyuu, mpaka kila boksi likabana na kung'aa.

Kisha akaenda tena mtoni, Kanga na Nungunungu wakimsaidia kubeba maboksi. Maneno yake yafuatayo nimeyapima moja baada ya jingine, na naomba nanyi myapime.

"Mjomba, nina maboksi saba ya simu, yako ndani ya nailoni. Yametoka katika duka linalojulikana bonde zima. Wenyewe hawazitaki tena simu hizo. Mimi nataka moja tu, inayoita."

Kiboko akauliza kama ni orijino.

"Maboksi yameandikwa hivyo."

Akauliza wenyewe wamezikataa kwa nini. Nguchiro akajibu kwamba hazikufaa kwa shughuli zao. Je, kuna uongo hapo? Mimi nimeutafuta, sikuupata.

Kiboko akainua boksi, akalipima kwa mkono. Uzito upo. Akaligeuza, kila kona imebana. Hakulifungua, kwa sababu wenye biashara ile hawafungui kamwe: boksi likifunguliwa, bei inashuka. Miaka yote alikuwa akiishi kwa kuwazuia wengine wasitazame ndani, hata yeye mwenyewe akasahau kwamba kuna ndani. Akachomoa laini yake, akaivua simu shingoni. Na kwa kuogopa kwamba Nguchiro angejuta na kuyadai maboksi yake, akamtaka ayakubali yale masharti mbele ya Kanga na Nungunungu. Nailoni ikichanwa, mali imepokewa. Nguchiro akayakubali kwa sauti ya chini.

Kiboko akataka kupiga picha za mali mpya aziweke dukani. Simu ya kupigia hana. Basi akafungua boksi moja, kraa! Akabonyeza, jii. Akafungua la pili, kraa! Jii. La tatu, kraa! Jii. Alipofika la saba, vipande vya sabuni vilikuwa vikiteleza matopeni kila upande. Aliijua sabuni ile. Alikuwa ameikata mwenyewe.

Akaja, ndu, ndu, ndu, mpaka mlangoni pa shimo la Nguchiro, akaziba mwanga wote.

"Mwizi wewe. Umenipa sabuni."

"Mjomba, nailoni umeichana?"

Kiboko akafunua kinywa. Kabla jibu halijatoka, simu ikalia ndani ya shimo, ngrii, ngrii. Ni Paa. Nguchiro akapita katikati ya miguu ya Kiboko, akakimbia, kilima cha kwanza, kilima cha pili. Mtoto alitanguliza miguu, lakini alitoka, na alilia. Walimsikia mpaka mtoni.

Funzo la ngano hii, kama lilivyotolewa na baraza katika taarifa yake rasmi, ni kwamba wanunuzi wasichane nailoni. Nunua simu, iweke juu ya kabati, usiiwashe, nayo haitakuharibikia maisha yako yote.

Duka la Kiboko liko wazi mpaka leo, na lina nyota tano, alizojipa mwenyewe. Amefungua kesi ya wizi dhidi ya mkunga, na shemeji yake bado anatafuta kifungu cha sheria cha kumhukumu. Kiboko anadai arudishiwe simu. Nguchiro hajadai hata punje ya mtama. Digidigi hajaulizwa chochote.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Iokoteni, muamue nyinyi: mwizi ni nani?