Aliyenusa, Aliyesoma, Aliyepima

Hadithi yangu ya leo inanuka. Nawaambia mapema ili aliyetoka kula asogee nyuma. Mimi nikisema "Nusa!", ninyi mnajibu "Inanuka!" Haya, nusa! Mh, mmejibu kama watu wenye mafua. Haidhuru, mtajibu vizuri baadaye.

Katika kijiji kimoja juu ya milima ya Upare waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Nesi Elinaja alikuwa na pua. Akipita nje ya jiko lako anakwambia maziwa yameanza kuchacha, na wewe mwenye maziwa bado hujui.

Nashesha, binti wa miaka ishirini na sita, alikuwa na macho ya namba. Alisomea kompyuta za magari, akafanya kazi katika gereji mjini, kisha siku moja akarudi nyumbani na begi lake bila kumweleza mtu sababu.

Mzee Mbonea, fundi redio, alikuwa na mkono wa vipimo. Hakuamini kitu mpaka akipime. Hata chumvi ya mboga aliipima kwa kizibo cha soda, na mkewe alishachoka kumcheka.

Kijiji hicho kilikuwa na gari moja la wagonjwa, la petroli, zee lakini zima. Kosa lake lilikuwa kupanda mlima polepole. Kamati ya kituo cha afya ikaona aibu, ikalipeleka mjini kwa fundi mmoja anayejiita Injinia Kimbunga. Sasa sikilizeni uchafu alioufanya.

Chini ya dashibodi ya gari kuna kisanduku cha bati, ndiyo kompyuta ya injini. Ndani yake mna jedwali la namba, na namba hizo ndizo zinazoamua injini inywe mafuta kiasi gani. Kimbunga alivunja kufuli ya kompyuta ile, akafuta jedwali la gari bila kuhifadhi nakala, akamwaga humo jedwali la gari la mashindano. La mashindano! Kwenye gari linalobeba wajawazito! Kisha akapiga honi mara mbili na kusema, "Chukueni mnyama wenu." Nikimfikiria mtu huyo mate yananijaa mdomoni, na si kwa hamu ya kula.

Mnyama akapanda mlima kwa kishindo, na watoto wakashangilia. Lakini injini ilikuwa inabugia petroli ambayo haikuweza kuimaliza. Bomba la moshi likawa linapata moto mpaka linageuka jekundu, na moshi wa sumu ukawa unapenya kwenye mlango wa nyuma, pale anapolala mgonjwa.

Mgonjwa mmoja aliitwa Nakiete, mjamzito, mtoto wake amekaa mshazari tumboni. Aliteremshwa hospitali kubwa kwa vipimo, kona thelathini na saba, mlango umefungwa. Alipofika alikuwa amezimia. Kwenye daftari la gari ikaandikwa, "Kichefuchefu cha safari." Alipozinduka akaambiwa arudi baada ya wiki tano kwa upasuaji, kwa maana mtoto yule hawezi kuzaliwa nyumbani. Nakiete akarudi kijijini na kuapa kwamba ndani ya gari lile haingii tena.

"Nitazaa hapahapa," alisema.

"Utakufa hapahapa," mama yake akamjibu.

Zilipobaki siku tisa, nesi Elinaja akasimama mbele ya kamati. "Gari linanuka," alisema. "Si moshi wa kawaida. Ni petroli ambayo haijaungua. Yule mama hakuzimia kwa sababu ya kona. Tulimzimisha sisi." Bila pua yake, watu wangeendelea kulaumu kona.

Nusa! Eeh, sasa mmeanza kunielewa.

Nashesha akaichomoa kompyuta, akaiunganisha na laptopu yake na kukaa nayo siku tatu. Alisoma jedwali mstari kwa mstari, akaona pale ambapo namba zilikuwa kubwa kupita kiasi, akazipunguza zote kwa kipimo kimoja. "Tayari," alisema, "tuirudishe kwenye gari." Bila macho yake, kisanduku kile kingebaki bati tu.

"Irudi wapi?" Mzee Mbonea akauliza. "Gari tunalo moja, mwanangu, na Nakiete tunaye mmoja. Hujaribii mezani kwanza?"

Akatengeneza meza ya majaribio. Mota ya cherehani ilizungusha gurudumu la meno, kompyuta ikadanganyika kwamba injini inazunguka. Nozeli nne za kunyunyiza mafuta zilielekezwa ndani ya chupa nne za dawa ya kikohozi, tupu na safi, na badala ya petroli akatia mafuta ya kupimia yasiyowaka ovyo. Katika ua wa parokia kulikuwa na mabaki ya gari la aina ileile, lililopinduka zamani. Kompyuta yake ilikuwa na kufuli, haisomeki wala haikubali ufunguo wa gari jingine, lakini mezani ilinyunyiza vizuri. Mzee akaiendesha, akachora mstari kwenye kila chupa pale mafuta yalipofikia. Kisha akaweka ile ya Nashesha na kuiendesha vilevile, kama gari lenye mzigo linalopanda mlima.

Mafuta hayakufika hata nusu ya mistari.

"Umeipunguzia na pale inapohitaji," alisema mzee. "Injini ingekuwa inaungua kwa njaa. Kona ya kumi pistoni zimetoboka, na mama yuko ndani." Nashesha akarudi kwenye laptopu yake. Alirekebisha, wakapima, akarekebisha tena, mpaka chupa zote nne zikagusa mistari. Bila vipimo vya mzee, dawa ingeua kuliko ugonjwa.

Mnadhani yaliishia hapo? Zikiwa zimebaki siku mbili, nesi Elinaja alipanda nyuma ya gari, akalala kwenye machela, akafunga mlango na madirisha. "Nendeni," alisema. Walipanda mlima, akanyamaza. Wakageuza kuteremka, na kwenye kona ya nne akagonga ukuta kwa ngumi.

"Inanuka!"

Wakatazamana. Kazi yote ile, mezani na kwenye jedwali, walikuwa wanafikiria kupanda. Kijiji kizima kilikuwa na ugonjwa wa kupanda. Na mgonjwa, jamani, anateremka! Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini ilitakiwa iache kunywa, lakini mistari hiyo ya jedwali Kimbunga alikuwa ameiharibu na hakuna aliyeiangalia. Nashesha akaisahihisha, Mzee Mbonea akaipima, Elinaja akalala tena kwenye machela. Aliteremka kona zote thelathini na saba, wakarudi naye kijijini, akatoka anacheka. Nakiete alimwona akitoka na kucheka, ndipo akakubali kupanda.

Hospitalini akajifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, mwenye sauti kubwa kuliko gari.

Sasa likaja suala la zawadi. Upareni kuna msaragambo. Pembe ikilia, kila mwenye mikono anachukua jembe na kwenda kufanya kazi ya wote. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba kabla mvua hazijaanza kumebaki siku moja ya msaragambo, na siku hiyo atapewa mmoja kati ya watatu. Mzee Mbonea nyumba yake imepasuka ukuta wa nyuma, mvua moja tu inaiangusha. Nashesha anahitaji kibanda cha kazi, la sivyo atarudi mjini kwa akina Kimbunga. Nesi Elinaja hana njia ya kupita mvua ikinyesha, na akiitwa kwa mgonjwa anavuka korongo kwa magoti. Siku ni moja, haigawanyiki.

"Achague aliyepanda," akasema mwenyekiti, akamkabidhi Nakiete pembe.

Nakiete akasimama, mtoto mgongoni. Aliitazama pembe, akawatazama wale watatu. "Kabla sijapuliza," alisema, "siku ile nilipozimia, kuna kati yenu aliyejua?"

Ningependa niwaambie kwamba walishangaa. Hawakushangaa. Waliinamisha vichwa, wote watatu kwa pamoja, na mimi nilikuwepo na nikaona.

Elinaja akaanza. "Harufu niliisikia wiki tatu kabla yako. Ilikuwa inaniumiza kichwa. Nikahamia mbele kwa dereva, nikafungua dirisha. Wewe nilikupa peremende. Kile kichefuchefu cha safari, niliandika mimi."

Mzee Mbonea akafuata. "Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi siku gari liliporudi. Dereva akaniambia inamuumiza macho. Nikabandika plasta juu yake." Alikuwa analia. "Mimi, ninayepima chumvi, sikupima."

Nashesha ndiye aliyekuwa wa mwisho. "Nilikuwa nafanya kazi kwa Kimbunga. Gari lilipoletwa, nililijua, ni la kwetu. Akaniambia, 'Bonyeza.' Nikabonyeza, jedwali la gari letu likafutika. Kesho yake nikaacha kazi, lakini nilikuwa nimeshabonyeza. Na nikarudi hapa nikanyamaza."

Peremende! Plasta! Kidole kimoja! Mwanamke amelala nyuma anavuta sumu na mtoto wake, na mbele yake mtu amefungua dirisha anapata hewa. Tangu siku ile nikisikia harufu ya peremende natoka nje. Na msiniulize habari za Kimbunga. Yeye kwangu ni tope, na tope halipigiwi kura. Hawa watatu ndio wanaonisumbua, kwa kuwa nawapenda, kwa kuwa mtoto yule anapumua kwa kazi ya mikono yao, na mikono hiyohiyo nashindwa kuishika.

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema apewe nesi, maana alilala mwenyewe kwenye machela. Mwingine akasema nesi ndiye mbaya kuliko wote, alijua akiwa ndani ya gari. Mwingine akamtetea mzee, plasta si sumu. "Plasta ndiyo iliyoficha sumu," akajibiwa. Mwingine akasema binti alikuwa mwajiriwa, angefanyaje? Bibi mmoja akatema mate chini na kusema asipewe mtu, siku ile itumike kulima shamba la Nakiete mwenyewe.

Nakiete hakubishana. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akainua pembe mpaka karibu na mdomo. Majembe yalikuwa tayari mabegani. Njia zilikuwa nne. Moja inakwenda kwenye ukuta uliopasuka, moja kwenye kiwanja cha kibanda, moja kwenye korongo, moja kwenye shamba lake. Popote atakapoelekea akipuliza, kijiji kizima kingemfuata.

Mimi nawaachia hapo, pembe ikiwa bado mdomoni mwake. Nusa!

Ndiyo, inanuka. Sasa vuta pumzi, simama mahali pake, mtoto huyo awe mgongoni kwako. Je, ungepuliza ukielekea kwa nani?