Maziwa ya Saa Kumi Alfajiri

Siku tano kabla ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vya Guangdong, kusini mwa China, vilifunga milango na wafanyakazi wakamiminika kwenye stesheni kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Kila mmoja alikuwa na furushi na kila mmoja alikuwa na haraka ya kwao. Katika umati huo alikuwamo Luo Caixia, mshonaji wa viatu. Mtoto wake wa miezi mitano, Lele, alikuwa amefungwa kifuani kwa mbeleko. Alikuwa akimpeleka kwa bibi yake mlimani, ng'ambo ya Huaihua, safari ya kutwa nzima kwa treni ya kijani, ile ya viti vigumu na nauli nafuu.

Caixia hakuwa mtu wa kuamini ovyo, na safari hii imani yake ilikuwa imekauka kabisa. Mumewe Daoping, aliyebaki kulinda mashine za kiwanda, alikuwa amemwonya mpaka masikio yakachoka.

"Wezi wa watoto wamejaa kwenye treni, mama Lele. Mtu akikupa maji, usinywe. Akikupa tunda, usile. Akitaka kukupokea mtoto, piga kelele mpaka dereva asikie!"

Hata bila kuambiwa, Caixia angepiga. Miaka ile watoto walipodhurika kwa maziwa ya unga yaliyochakachuliwa, yeye alikuwa msichana wa shule, na hofu ile ilimkaa moyoni kama kutu kwenye chuma. Kopo la maziwa la Lele alimwagiza rafiki yake alinunue ng'ambo ya mpaka. Lilipofika aliligeuza huku na huku, akachunguza kifuniko, akasoma namba mara tatu, ndipo akakubali kulifungua.

Basi angeamini vipi maji ya treni? Ni kweli kila behewa lilikuwa na tangi la maji yanayochemka, na watu wote walichota hapo chai na tambi zao. Lakini kwa Caixia lile lilikuwa bomba la mikono ya watu wote. Aliamka saa kumi alfajiri, akachemsha maji katika sufuria yake mwenyewe, akakoroga maziwa chupa tatu. Kila chupa aliizungushia taulo, kisha akazitia zote katika mifuko aliyoishona kwa ndani ya koti lake la pamba. Zingebaki vuguvugu kama maziwa ya ziwa la mama, na hapana mkono wa mgeni ambao ungezifikia. Aliufunga mkanda wa koti akajiona amewaweza walimwengu.

Treni iliondoka saa moja asubuhi. Mkabala naye aliketi mwanamume wa makamo, shingo nene kama gogo, na kovu lililomshuka kutoka sikioni hadi kidevuni. Miguuni pake palikuwa na mfuko mkubwa wa turubai aliouzuia kwa visigino vyote viwili. Caixia aliikaza mbeleko. Mfuko ule ungemmeza mtoto mzima!

Saa mbili Lele alilia, naye Caixia akatoa chupa ya kwanza kifuani. Yule mtu akatazama. Saa sita akatoa ya pili. Yule mtu akatazama tena, safari hii akiwa amekunja uso. Kifuniko cha chuchu ya chupa kilidondoka, kikaviringika hadi kwenye kiatu chake. Aliinama, akakiokota kwa vidole viwili, akamrudishia. Caixia alikipokea kama anayepokea nge, akakifuta kwa kanga ya mtoto mpaka kikalia.

"Dada," yule mtu alisema, "samahani. Maziwa hayo umeyakoroga saa ngapi?"

"Yanakuhusu nini?"

"Nauliza tu. Naona yanatoka kwenye koti yakiwa na joto."

"Na wewe unatazama koti la mwanamke kwa nini?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti alicheka mpaka maganda yakamruka. "Kaka, umekataliwa mchana kweupe!"

Yule mtu aliona haya, masikio yakamwiva. Akanyanyuka, akaenda mwisho wa behewa, akarudi na chupa ya chai iliyojaa maji, ikifuka mvuke. Akaiweka mezani, akaisukuma taratibu upande wa Caixia.

"Yamechemka, nimeyachota sasa hivi. Kama unao unga mkavu, mkorogee mengine. Hayo yamwage."

Haya, ndiyo haya aliyoyasema Daoping! Caixia alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Mtu asiyekujua akuhimize umwage maziwa yako utumie maji yake? Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Chukua maji yako. Ukinisemesha tena nitamwita polisi."

Mwanamume aliirudisha chupa kwake, akageuzia uso dirishani. Lakini kimya chake hakikumtuliza Caixia. Kilimtia shaka zaidi. Kila alipojikuna, Caixia alishtuka. Alipojifanya kusinzia, Caixia aliamini kabisa kwamba anamchungulia kwa kope. Haja ilimbana Caixia tangu stesheni ya Chenzhou naye akajizuia, maana kuondoka kitini aliona ni kama kumpa fisi ulinzi wa bucha.

Saa tisa alitoa chupa ya tatu. Lele alinyonya nusu, akakaza midomo, akageuza uso pembeni. Caixia akambembeleza mpaka akamaliza robo nyingine. Haikupita saa moja, mtoto akatapika. Alitapika maziwa, kisha maji, kisha akawa anajikamua bila kutoa kitu. Akaharisha mpaka mbeleko ikalowa. Kilio chake, kilichoanza kwa ukali kama filimbi, kikapungua kikawa mguno. Macho yakalegea.

Caixia alihisi dunia inamponyoka. Alisimama juu ya kiti, akamnyooshea kidole mtu wa kovu.

"Amemtilia mwanangu sumu! Huyu hapa! Alishika kifuniko cha chupa, nimemwona kwa macho yangu! Tangu asubuhi anatutazama!"

Behewa lilichafuka. Watu walioshinda wakila miguu ya kuku na kupiga soga sasa walimzunguka yule mtu kama ukuta. Mmoja alimkaba kola. Mama wa mbegu za alizeti, aliyecheka mchana, ndiye sasa aliyepaza sauti kuliko wote. "Mshikeni! Nilijua, sura yenyewe haijatulia!"

"Mimi? Mimi nimefanya nini?" mwanamume alisema. "Mhudumieni mtoto kwanza, jamani. Mimi sikimbii."

Polisi wa treni alifika, na kipaza sauti kikaomba mwenye ujuzi wa tiba ajitokeze. Akaja mwanamke mfupi mwenye skafu nyekundu, Ou Yaqin, muuguzi wa wodi ya watoto. Alimshika Lele, akambinya ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi. Hakupoteza muda na makelele ya watu.

"Stesheni ijayo ni Loudi. Piga simu, gari la wagonjwa lisubiri," alimwambia polisi. Kisha akamgeukia Caixia. "Mama, amekula nini?"

"Maziwa yake tu. Lakini huyu mtu..."

"Nani aliyakoroga?"

"Mimi mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Tangu saa kumi mpaka ulipomnywesha yalikuwa wapi?"

Polepole mkono wa Caixia ukaenda kwenye koti, kwa ndani, pale mifuko ilipokuwa. Muuguzi aliipokea chupa ya tatu, akaifungua, akainusa, akampa naye anuse. Harufu ya uchachu ilimpanda Caixia puani. Alikuwa amembembeleza mtoto anywe kitu kile.

"Unga wenyewe ukiwa mkavu hauna neno," Ou Yaqin alisema kwa sauti ya chini, bila kumkaripia. "Ila hata ulio bora haukosi vijidudu. Ndiyo maana hukorogwa kwa maji yaliyotoka kuchemka, yakapoozwa, na mtoto akanyweshwa papo hapo. Maziwa yakikaa zaidi ya saa mbili, ni ya kumwaga. Wewe umeyatia kwenye joto kama mayai chini ya kuku. Vijidudu navyo vimeanguliwa."

Wakati huo polisi alikuwa amekwisha kuufungua mfuko wa turubai. Hapakuwa na dawa wala kamba. Palikuwa na kitambaa cheupe cha kuchujia, kata ya mbao, na jiwe dogo la kusagia lililofungwa kwa blanketi.

"Nauza maziwa ya soya, Guangzhou, mwaka wa ishirini sasa," mwanamume alisema. Aliitwa Tan. "Nikiyaacha vuguvugu tangu alfajiri hadi adhuhuri, mteja atanimwagia usoni. Ndiyo maana niliuliza. Sikuwa na lingine."

Aliyemkaba kola aliiachia, akaikung'uta kana kwamba vumbi ndilo lililokosea. Mama wa mbegu za alizeti aliinamia maganda yake. Hakuna aliyeomba radhi. Caixia alianza kukusanya vitu vyake.

Treni iliposimama Loudi, Tan alilinyanyua furushi la Caixia bila kuulizwa, akalipitisha katikati ya watu hadi mlangoni.

"Kaka Tan," Caixia alisema, machozi yakimchirizika, "mimi..."

"Nenda, mama. Mtoto kwanza."

Mlango ukafungwa, treni ikaenda naye. Caixia hakumwona tena maishani.

Hospitalini walimtundikia Lele dripu kwenye mshipa wa kichwa. Kwa saa tatu Caixia alisimama ukutani akihesabu matone, na kila tone lilikuwa dua. Usiku ulipoingia, mtoto alikojoa. Daktari akatabasamu, akasema hiyo ndiyo habari njema waliyokuwa wakiingoja. Baada ya siku mbili Lele aliweza kumvuta mama yake nywele. Caixia alimalizia safari akiwa na chupa zilizochemshwa na kukaushwa, unga mkavu uliopimwa kila mlo katika kijikopo chake, na mara mbili, bila aibu, alipanga foleni kwenye tangi la treni kuchota maji yanayochemka pamoja na walimwengu wenziwe.

Lakini kabla ya hapo, jioni ile ya kwanza hospitalini, Daoping, ambaye Caixia alimtumia ujumbe wa sumu na mtu wa kovu akiwa bado kwenye treni, alikuwa amepiga simu, sauti ikimwaka kwa hasira.

"Huyo mshenzi mwenye kovu wamemkamata? Yuko wapi? Nakuja na mguu huu huu!"

Caixia alilitazama koti lake lililotundikwa kwenye msumari, mifuko yake ya ndani ikiwa mitupu na myevu.

"Usimtukane, baba Lele," alisema. "Yule alitaka kutuokoa, nami nikamwita muuaji mbele ya watu. Siku nzima nilikuwa nawakodolea macho wageni, na sumu ya mwanetu nilikuwa nimeivaa mwenyewe. Nimeyaona kwa macho yangu: kikulacho ki nguoni mwako."