Mafuta Yaliyokaa Eda

Saumu, umeniletea chupa ukasema, "Bibi, mafuta yameharibika, yamekuwa meupe na hayamwagiki." Hayajaharibika, mjukuu wangu. Rudisha kizibo, kaa hapo mkekani, na wenzako nao wakae. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa, na pale nitakapokosea, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Hapo kale mafuta ya nazi hayakujua kuganda. Wakati wa joto na wakati wa kipupwe yalikuwa yaleyale, mepesi kama maji. Watu waliyawasha taani, waliyakaangia samaki, waliyapaka nywele zao na miili ya watoto wachanga. Mlango ukilia, tone moja bawabani liliunyamazisha. Panga lililopakwa halikushika kutu. Na kwa kuwa yalimiminika siku zote, hakuna aliyeyaona kuwa kitu. Jirani aliingia kwa jirani, akajimiminia, akatoka.

Siku hizo aliishi mwanamke jina lake Mwanakheri. Mumewe, Shebwana, alikuwa mkwezi wa minazi. Hawakujaliwa mtoto. Shebwana akiangua nazi, Mwanakheri alizikuna juu ya mbuzi, akakamua tui, akalichemsha polepole mpaka maji yakaisha na mafuta yakabaki. Kila Alhamisi jioni walipakana. Mwanakheri alimpaka mumewe nyayo, maana nyayo za mkwezi hupasuliwa na magome. Kisha mumewe alimpaka yeye nywele, kwa vidole vigumu vilivyojua kwenda taratibu.

"Shebwana, unanipaka au unanikwea?" mkewe alikuwa akimuuliza.

"Tulia, mama. Bado sijafika kwenye makuti."

Ikawa mwaka mmoja Shebwana aliangua nazi, mkewe akapika mafuta, na kabla chungu hakijapoa yule bwana akaanza kutetemeka kwa homa. Alhamisi haikumkuta. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika. Mafuta yale Shebwana hakuyagusa hata kidogo.

Mwanakheri akaingia eda. Mnajua mjane aliye edani hajipaki mafuta wala hajitii manukato. Hukaa nyumbani kwake, akamwomba Mola ampe subira. Alivaa nguo nyeupe, akakiweka kile chungu kidogo mbele ya kitanda, akakifunika.

Majirani walikuja, kama ilivyo desturi. Walikaa naye, walimpikia, walisoma. Na wakati wa kuondoka, mmoja aliomba mafuta ya taa, mwingine ya kukaangia. Bi Kibibi wa nyumba ya pili, mwenye maneno mengi, alisema, "Wewe si huyapaki, mwenzangu? Yatakaa bure." Mwanakheri hakuwa mtu wa kunyima. Alimimina. Lakini kila walipotoka alifunua chungu, akaona yameshuka. Zilikuwa nazi za mwisho za Shebwana, na hapangekuwa na nyingine.

Siku moja baada ya sala ya alfajiri aliinua mikono akasema, "Ewe Mola wangu, umemchukua, nami nimeridhika. Nakuomba haya mafuta yasinitoke."

Upepo wa kusi ulivuma siku hiyo, wa baridi. Bi Kibibi alipokuja na bakuli lake, alikiinamisha chungu, halikutoka tone. Akakipindua kabisa. Akachungulia. Yalikuwa meupe, magumu, yametulia kama jiwe.

"Makubwa haya!" akasema. "Na mafuta nayo yamevaa nyeupe, yamekaa eda!"

Wanawake wakacheka, kisha wakaziba midomo kwa aibu. Wakaenda makwao, wakakuta ni hivyohivyo mji mzima. Wengine waliyaweka motoni kwa pupa, yakaungua, nyumba zikanuka moshi.

Eda ikaisha. Mwanakheri hakuvua nguo nyeupe. Majirani nao, kwa kuwa matanga yalikwisha na mafuta hayamiminiki, walipunguza kuja, mwisho wakaacha. Hawakuwa wabaya. Kila mtu ana nyumba yake. Aliomba mafuta yasitoke, nayo hayakutoka, na hakuna aliyeingia. Alikuwa akikaa kutwa na chungu chake, hata sauti yake mwenyewe akaisahau, akaisikia tu akitoa salamu mwisho wa sala.

Ndipo siku moja akasikia, "Hodi, shangazi." Alikuwa Mwatime, binti wa jirani, amebeba mtoto wake mchanga. Ngozi ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa ule upepo, miguuni na mapajani, naye analia kwa sauti iliyokauka.

"Yetu nimeyaunguza yote motoni," Mwatime akasema. "Sina pa kwenda."

Mwanakheri akakitazama chungu. "Haya ni ya Shebwana."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana nimekawia kuja."

Mtoto akalia. Kisha Mwanakheri akafunua chungu, akakwangua kidogo kwa ukucha, akakiweka kile kipande kiganjani na kukifumba. Kilikuwa baridi. Akataka kusema, unaona, hayafai. Lakini akahisi unyevu katikati ya vidole. Alipofumbua mkono, mafuta yalikuwa yamerudi kuwa mafuta, mepesi, yakinukia nazi kama siku ile yalipotoka motoni.

Akampaka mtoto, akianzia nyayo, maana ndivyo alivyozoea. Akakwangua tena, akafumba tena. Mtoto akanyamaza, akalala mapajani mwake.

"Na kichwa chako, shangazi?" Mwatime akauliza. "Eda ilikwisha zamani."

"Hakina wa kukipaka."

"Basi nipe mtoto nimlaze. Kaa chini hapa."

Akakaa. Mwatime akafumba mafuta kiganjani, akaanza. Vidole vyake vilikuwa laini na vya haraka. Havikuwa vile.

"Taratibu, mwanangu," Mwanakheri akasema. "Bado hujafika kwenye makuti."

Mwatime hakuelewa, lakini alikwenda taratibu.

Na tangu siku hiyo mafuta ya nazi huganda kila kipupwe kikifika, yakavaa nyeupe yakatulia, na mkono wa mtu huyayeyusha. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na haraka ya kuyaweka motoni. Na ndiyo maana kwetu, mjane akitoka eda, hajipaki mwenyewe mafuta ya kwanza. Huja mtu akampaka.

Basi, Saumu, ile chupa ifungue. Tangu babu yako alipotangulia, mikono yangu imekuwa ya baridi, naifumba mafuta hayayeyuki. Lete kiganja chako. Kaa nyuma yangu hapa. Taratibu.