Buibui Mwenye Kifuko Cheupe

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nasema, na wewe pale ishushe hiyo kandambili. Buibui unayetaka kumponda ndiye mwenye hadithi.

Hapo zamani, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya msitu. Aliishi humo mkunga, Bibi Kashindye. Kila mtu wa kijiji kile alipitia mikononi mwake, na wengine, mwenyewe alikuwa akisema, alijuta kuwapokea.

Mwaka huo mbuzi wa Jumbe Ngassa wakafa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakatafuta mchawi, maana kutafuta dawa ni kazi. Uani kwa Nyamizi, mjane mwenye mtoto mchanga, wakamwona buibui akikimbia juu ya majani makavu. Chakacha, chakacha. Mdogo kama kunde, rangi ya majani yenyewe, mstari mweupe mgongoni. Na nyuma kaning'iniza kifuko cheupe.

"Hirizi," wakasema. "Nyamizi anamtuma na hirizi."

Jumbe akakata shauri: mwezi ukiandama, Nyamizi ahame na mtoto wake. Ahamie wapi? Hakuna aliyejali. Nyamizi akalia mpaka sauti ikamkauka.

Bibi Kashindye akaja na kigoda chake uani kwa Nyamizi, akawakuta jumbe na watu wake.

"Mmemtazama buibui huyu?"

"Tumemtazama, Bibi."

"Hamjamtazama. Kaeni."

Wakakaa. Buibui akaota jua, tuli. Akapita mdudu. Chupu! Akamrukia, akamla.

"Utando wake uko wapi?" akauliza jumbe.

"Hana. Anawinda kwa miguu yake. Kila siku anapita mlangoni pako, Ngassa, na leo ndiyo unauliza."

Kesho yake, yale yale.

"Mmemtazama?"

"Tumemtazama, Bibi."

"Hamjamtazama. Kaeni."

Siku ya tatu wakaanza kunung'unika, ati mashamba yanangoja. Bibi alikuwa amechoka nao kabisa.

"Mwenzenu ana macho manane," akasema. "Ninyi mawili tu yanawashinda."

Siku ya tisa, mwezi ukiwa karibu kuandama, buibui akasimama juani akakipasua kifuko kwa meno. Wakatoka watoto, wadogo kama chembe za ulezi. Wakapanda miguu ya mama yao, wakajaa mgongoni, tele.

"Jeshi!" akapiga kelele jumbe. "Ameleta jeshi!"

Bibi Kashindye akafumba macho, akavuta pumzi, akaishusha. Kisha akasema, "Nyamizi, mwanangu, geuka."

Nyamizi akageuka. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni, ndani ya mbeleko.

Watu wakamtazama Nyamizi, wakamtazama buibui. Jumbe akakohoa.

"Basi, Bibi. Tumemsamehe Nyamizi."

"Mmemsamehe kosa gani? Nilikukata kitovu mimi, Ngassa, nikakufunga mgongoni kwa mama yako. Hakuna aliyekuita hirizi. Piga magoti, umwombe radhi huyu."

Jumbe akapiga magoti juu ya majani makavu. Chakacha.

Basi jueni: kutupa jicho si kutazama, na anayehukumu kwa kutupa jicho humfukuza mama na mwanawe. Hadithi yangu imekomea hapo. Na wewe, kandambili bado iko mkononi, naiona.