Pikipiki ya Subilaga Ilipokataa Kuchaji

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, pikipiki zikiwa zimeshazoeleka katika vilima vya Rungwe, alikuwepo mkunga jina lake Subilaga. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwake lilikuwa hili. Alirudi kutoka kuzalisha mlimani, amelowa mvua, akiisukuma pikipiki yake kwa sababu ilikuwa imemzimikia njiani. Akaiegemeza chini ya upenu, akamwambia mumewe, Mwalimu Asajile:

"Baba Lugano, betri imelala tena."

"Tutanunua nyingine," mumewe akajibu. "Chai ipo."

Akanywa chai. Basi, hilo ndilo la mwisho.

Kesho yake hakuweza kuinuka. Hospitali walimpima, wakakuta malaria, wakatibu malaria. Malaria ilikuwepo kweli. Lakini nyuma yake palikuwa na ugonjwa mwingine, na huo haukutafutwa mpaka wakati ulipokuwa umepita. Alipoona hali inamshinda, Subilaga alimwita mumewe karibu.

"Ile pikipiki usimpe mtu kwa sababu ni ndugu. Mpe atakayeifanya ichaji. Anayejua kilichoiumiza ndiye atakayeitunza. Na huyo awe anawapakia wajawazito wa mlimani, wasishuke kwa miguu."

"Nimesikia," akasema Asajile.

Walipokwisha kuzika, Asajile alinunua betri mpya, kama alivyokuwa amesema. Pikipiki ikawaka, ikazunguka kijiji. Asubuhi betri ilikuwa imelala. Akaenda dukani akabadilishiwa. Pikipiki ikawaka, ikazunguka kijiji. Asubuhi betri ilikuwa imelala.

"Betri za siku hizi ni kama wachumba," jirani mmoja akasema. "Zinaahidi tu."

Watu wakacheka. Asajile hakucheka, lakini hakumlaumu.

Ndipo akaja Gwakisa, fundi wa njia panda, na mita yake ya kupimia umeme mfukoni. Akasema, "Acheni kuzika betri. Betri ni ghala tu. Tuangalie kama kuna kinachoingia ghalani."

Akapima betri ikiwa imepumzika: volti kumi na mbili na nusu. Wakawasha pikipiki, wakavuta mafuta. Namba ilipaswa kupanda mpaka kumi na nne. Wakawasha, wakapima, namba ikashuka.

"Mnaona? Kinatoka, hakiingii."

Akazifuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ndani ya injini. Akazipima mbili mbili. Zote zilitoa umeme sawasawa, na hakuna iliyogusana na mwili wa injini. Akasema, "Koili ni nzima. Mtu asifungue injini hii." Kisha akachomoa rektifaya, kile kidude chenye mapezi ya bati kinachougeuza umeme wa koili ili betri iupokee. Akakipima huku na huku, kimekufa.

"Mgonjwa wenu ni huyu. Ila kipya sina, na mjini vimekwisha."

Aliyesikia hayo ni Tumpe, mwanamke anayesomba ndizi kwa pikipiki yake mwenyewe. Watoto wake wote walipokelewa na mikono ya Subilaga. Aliondoka, akarudi na rektifaya aliyoichomoa kwenye pikipiki yake, ikiwa bado na vumbi la barabara.

"Funga hii."

"Na yako itakwendaje?" Gwakisa akamuuliza.

"Nimekwambia funga, wewe gwe! Sijaja kuhojiwa."

Wakafunga. Wakawasha, wakapima, namba ikapanda kidogo, ikasimama, kisha ikashuka. Gwakisa akagusa kile kidude akaondoa mkono haraka. Kilikuwa kinaunguza.

"Haiwezekani," akasema. Akapima tena, akasema tena, "Haiwezekani." Alikuwa amekuta ugonjwa mmoja, akaacha kutafuta.

Asajile alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akainamisha kichwa, akabaki hivyo.

Hapo akasogea Ambakisye, mdogo wake Subilaga. Siku zote hizo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kimya.

"Zima," akasema. "Zima kabla hakijaungua na hicho. Fungua tangi."

Wakalinyanyua tangi la mafuta. Chini yake, kwenye waya unaotoka kwenye rektifaya kwenda kwenye betri, palikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi. Ambakisye akaibandua. Waya ndani ulikuwa wa kijani kwa kutu, na mweusi kwa kuungua, umeshikiliwa na nyuzi mbili tatu tu.

"Nani amefanya uchafu huu?" Gwakisa akauliza.

"Mimi. Nilipomfungia dada taa kubwa, nilikata hapa, nikasokota kwa mkono, nikafunga tepu. Mvua imeingia."

Ambakisye akakata sehemu iliyooza, akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunika vizuri. Wakawasha, wakapima, namba ikapanda. Ikapita kumi na tatu, ikafika kumi na nne na kitu, ikatulia hapo. Asubuhi betri ilikuwa macho.

Ikafika siku ya kuanua matanga, ndugu wanapokaa kugawa vitu vya marehemu. Vitenge viligawiwa, masufuria yakagawiwa. Ikabaki pikipiki. Shangazi wa Subilaga, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikao, akasema, "Mkwe wetu ametueleza neno la marehemu. Wenye kudai waseme. Mmoja mmoja, na msipigane mbele ya msiba."

Gwakisa akasimama. "Kabla sijaja mlikuwa mnanunua betri, na mngekuwa mnanunua mpaka leo. Mimi ndiye niliyesema betri haina kosa. Mimi ndiye niliyesema koili haina kosa. Mimi ndiye niliyekuta rektifaya imekufa, na ilikuwa imekufa kweli. Marehemu alisema anayejua. Hapa anayejua pikipiki ni nani?"

Tumpe hakusubiri akae. "Wewe ulitoa maneno, mimi nilitoa kifaa. Pikipiki yangu imesimama chini ya migomba, ndizi nabeba kichwani. Nikichomoa changu, hiyo itachaji kwa nini? Kwa hotuba zako?"

"Dada Tumpe, wewe hujui hata hicho kidude kinaitwaje!"

"Kinaitwa changu."

Kikao kikacheka, hata shangazi akaziba mdomo kwa kanga.

Ambakisye akasimama wa mwisho. "Dada alisema, anayejua kilichoiumiza. Mimi ndiye niliyeiumiza. Ningenyamaza, mngeunguza cha Tumpe, mngeunguza na kingine, na hakuna ambaye angejua kwamba ni mkono wangu. Sikunyamaza."

"Ulinyamaza!" Tumpe akamkatiza. "Ulisimama pale ukatazama changu kinaungua!"

"Niliogopa. Kisha nikasema."

"Kwa hiyo," Gwakisa akasema, "anayetoboa mtumbwi akituonyesha tundu, apewe mtumbwi?"

"Sikutoboa kwa kusudi. Taa ile nilitaka imwonyeshe njia kwenye ukungu."

Shangazi akasema taratibu, "Mwanangu, marehemu alisema asipewe ndugu."

"Alisema asipewe mtu kwa sababu ni ndugu, Shangazi. Mimi siombi kwa undugu. Na neno moja zaidi. Tangu siku ile, hakuna waya nitakaoufunga ovyo tena maisha yangu yote. Mwenye kuitunza mnamtaka wa namna gani?"

Wakamgeukia Asajile. Alikuwa amewasikiliza wote watatu bila kubadilika uso. Wote watatu walikuwa wameapa kuwapakia wajawazito. Wote watatu walisema kweli.

"Ndaga, asanteni," akasema. "Nimechoka. Nipeni mpaka asubuhi, tukutane njia panda."

Kesho yake asubuhi Asajile alitoka na ndoo ya maji na tambara. Akaiosha pikipiki ya mkewe, akaondoa matope ya mlimani yaliyokuwa yamekauka kwenye magurudumu. Aliyaondoa polepole, kwa sababu yalikuwa matope ya safari yake ya mwisho. Akabonyeza kitufe, ikawaka mara moja. Akaisikiliza kwa muda, akaizima. Kisha akaisukuma mpaka njia panda, ambako Gwakisa, Tumpe na Ambakisye walikuwa wamekwisha kufika, kila mmoja amesimama peke yake.

Hakutoa hotuba. Akauweka ufunguo katika kiganja kimoja, akavikunja vidole vya mkono ule juu yake, akarudi nyumbani kwa miguu, akafunga mlango, akalala.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mmewasikia wote: aliyeupata ugonjwa akaishia njiani, aliyetoa cha kwake bila kujua jina lake, na aliyeharibu kisha akafunua uharibifu wake. Je, kiganja kile kilistahili kuwa cha nani?